Vifo 230 dhidi ya 297: artesuneti na kwinini kwenye mizani ya takwimu

Kwa miongo mingi kwinini ndiyo iliyokuwa sindano ya malaria kali. Mwaka 2005 jaribio la SEAQUAMAT, lililoilinganisha na dawa ya artesuneti huko Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, liliitikisa nafasi hiyo. Waliopewa artesuneti walifariki 107 kati ya 730, na waliopewa kwinini 164 kati ya 731. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima, na malaria kali haimshambulii mtoto kama inavyomshambulia mtu mzima. Figo kushindwa kazi na manjano huonekana zaidi kwa wakubwa. Upungufu mkubwa wa damu na degedege huonekana zaidi kwa watoto. Matokeo ya Asia hayakuweza kubebwa hivihivi hadi kwenye wodi za watoto za Afrika.

Ndipo likaja jaribio la AQUAMAT, katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwemo. Watoto 5,425 wa chini ya miaka 15 waliandikishwa kati ya Oktoba 2005 na Julai 2010. Kila mmoja alipangwa kwa bahati nasibu kupata artesuneti au kwinini ya sindano. Kipimo kikuu kilikuwa kimoja: mtoto kufia hospitalini. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010:

Artesuneti: watoto 2,712, vifo 230 (asilimia 8.5)
Kwinini: watoto 2,713, vifo 297 (asilimia 10.9)

Uchambuzi huu unarudia hesabu hiyo kutoka mwanzo. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kikokotoo cha simu kinaitosha. Makosa mengi hutokea kabla yake, mtu anapochagua namba ya kuweka chini ya mstari wa sehemu, au baada yake, anapoisoma thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hii au zaidi kama dawa zingekuwa sawa) kupita inavyosema.

Asili ya sehemu

Katika 230/2,712, asili ni watoto wote waliopangiwa artesuneti. Yumo aliyefariki kabla dozi ya pili haijafika, yumo aliyebadilishiwa dawa njiani, na yumo ambaye baadaye vipimo vilionyesha hakuwa na malaria. Kuwaondoa hao huonekana ni haki, kwa kuwa "hawakutibiwa ipasavyo", lakini ndiko kunakobomoa ulinganisho. Bahati nasibu iliyafananisha makundi mawili siku ya kupangwa. Haikuahidi chochote kuhusu watakaobaki baada ya mtu kuanza kuchuja.

AQUAMAT ilikuwa na sifa isiyo ya kawaida kwa jaribio kubwa kiasi hicho: kila mtoto aliyeandikishwa alihesabiwa katika kipimo kikuu. Uzito wa jambo hilo unapimika. Ukiacha vifo vya kwinini vibaki 297 na kuongeza vifo upande wa artesuneti kimoja kimoja, p inavuka kizingiti cha kawaida cha 0.05 na ushahidi unapotea ukifika vifo 254. Hivyo ni vifo 24 zaidi. Kama watoto 30 wa kundi la artesuneti wangetoweka bila kujulikana walikoishia, mtu mwenye shaka angekuwa na haki ya kuuliza maswali magumu.

Upangaji nao unahitaji neno. Mgawo ulikuwa ndani ya bahasha zisizopenyeza mwanga, katika mafungu ya 20 (kila watoto 20 waligawanywa nusu kwa nusu), na ndiyo sababu makundi yanatofautiana kwa mtoto mmoja tu. Lakini baada ya bahasha kufunguliwa, wauguzi na madaktari walijua mtoto anapata dawa gani. Kwa kifo hilo halina madhara makubwa, maana hakuna anayekisoma kifo kwa upendeleo. Kwa vipimo vingine vya jaribio hilohilo, kama tutakavyoona, lina uzito wake.

Hesabu

Nadharia tete inayopimwa inasema uwiano wa vifo ni uleule kwa dawa zote mbili. Nadharia mbadala inasema uwiano unatofautiana, bila kutaja upande. Wapo watakaosema kwamba baada ya SEAQUAMAT kilichohitajika ni kupima upande mmoja tu, artesuneti kuwa bora. Hapana. Swali lilikuwa ni kama watoto wako tofauti na watu wazima, na jibu lingeweza kwenda upande wowote. Kipimo cha upande mmoja kingeikata p katikati bila kuongeza ushahidi hata chembe.

Kama nadharia tete ni kweli, hakuna makundi mawili bali moja, na makadirio bora ya hatari ya kifo ni ya jumla: vifo 527 kwa watoto 5,425, yaani 0.09714. Kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti huyumba kwa bahati tu, linajengwa juu ya namba hiyo ya pamoja:

√[0.09714 × 0.90286 × (1/2,712 + 1/2,713)] = 0.00804

Tofauti iliyoonekana ni 0.10947 − 0.08481 = 0.02466. Igawanye kwa 0.00804 upate z, yaani tofauti ni sawa na makosa sanifu mangapi: z = 3.07. Katika mkunjo wa kawaida, ncha mbili zilizo nje ya 3.07 zina eneo la 0.0022, na hiyo ndiyo p iliyochapishwa.

Njia ya kai-mraba, inayolinganisha idadi zilizoonekana na zilizotarajiwa, inafika palepale. Iwapo dawa hazitofautiani, kundi la artesuneti lingetegemewa kuwa na vifo 263.45 na la kwinini 263.55. Kila seli ya jedwali (dawa mbili, waliofariki na waliosalia) imekosea matarajio kwa 33.45. Chukua mraba wa 33.45, ugawe kwa tarajio la kila seli kati ya nne, kisha ujumlishe: 4.25 + 4.25 + 0.46 + 0.46, takriban 9.41. Hiyo ni z kwa mraba. Hivi si vipimo viwili vinavyothibitishana, ni hesabu moja iliyovaa nguo mbili, na ripoti inayovitaja vyote kana kwamba ni mashahidi wawili inajiongezea uzito isiokuwa nao. Sharti la kai-mraba ni kwamba tarajio la kila seli lisipungue 5. Hapa seli ndogo kabisa ina 263, kwa hiyo kipimo kamili cha Fisher, kinachotumika kwa idadi ndogo, hakihitajiki.

Katika programu ya takwimu ya R amri ni hii:

prop.test(c(230, 297), c(2712, 2713), correct = FALSE)

Ukisahau sehemu ya mwisho, R huweka yenyewe sahihisho la Yates, linalopunguza kidogo kai-mraba, na utapata 9.13 badala ya 9.41, p ikiwa 0.0025. Kwa data nyingi kama hizi hakuna atakayeumia. Kwa jaribio la watu 60 tofauti hiyo inaweza kuvusha au kuzamisha hitimisho zima, kwa hiyo ripoti itaje ilitumia ipi.

Kosa linalorudi mara nyingi zaidi ni kuingiza asilimia badala ya idadi. Mtu anasoma 8.5 na 10.9, anajaza jedwali kana kwamba kila kundi lilikuwa na watu 100, anapata kai-mraba ya 0.33 na p ya 0.57, kisha anaandika kwamba dawa hazitofautiani. Programu haitamkatalia, kwa sababu haijui kwamba nyuma ya 8.5 kuna watoto 2,712.

p inasema nini

Kama artesuneti na kwinini zingekuwa sawa kabisa kwa kuzuia kifo, na jaribio la ukubwa huu likarudiwa tena na tena, tofauti kubwa kama hii au zaidi, kwa upande wowote, ingejitokeza kama mara 22 katika 10,000. Ni hayo tu. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 0.22 kuwa dawa ni sawa, na haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani.

Punguza jaribio hilohilo hadi sehemu yake ya kumi: vifo 23 kati ya 271 dhidi ya 30 kati ya 271. Asilimia ni 8.5 na 11.1, karibu zilezile. Sasa z ni 1.01 na p ni 0.31. Dawa haijabadilika, wala ugonjwa. Kilichopungua ni uwezo wa kuiona tofauti. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambalo data zinaruhusu tofauti halisi kuwamo, inalionyesha hilo waziwazi: katika jaribio dogo, tofauti halisi ingeweza kuwa popote kuanzia artesuneti kuongeza vifo kwa pointi 2.4 hadi kuvipunguza kwa pointi 7.6. Anayesoma p ya 0.31 kama "hakuna tofauti" amekosa kuona kwamba matokeo hayo hayakatai hata faida kubwa kuliko ile AQUAMAT iliyoipata.

Ndiyo sababu ukubwa wa jaribio hupangwa mapema. Anayetarajia vifo vya asilimia 11 kwa kwinini na kutaka kuikamata tofauti ya kushuka hadi 8.5, kwa kizingiti cha 0.05 na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona, anahitaji watoto takriban 2,200 kwa kila kundi. Akitaka nafasi ya asilimia 90 wanafika kama 2,950. Kanuni ni (1.96 + 0.84)² kwa 80, au (1.96 + 1.28)² kwa 90, mara jumla ya p(1 − p) za makundi mawili (hapa p ni uwiano wa vifo, si thamani ya p), gawa kwa mraba wa tofauti. Kwa kuwa tofauti iko chini ya mstari tena kwa mraba, ukitaka kuona tofauti iliyo nusu yake utahitaji takriban watoto mara nne.

Tofauti moja, lugha nne

Kwa mipaka ya uhakika ya tofauti hatuko tena chini ya dhana ya usawa, kwa hiyo kosa sanifu linajengwa kwa kila kundi peke yake: 0.08481 × 0.91519 / 2,712 jumlisha 0.10947 × 0.89053 / 2,713, kisha kipeuo cha pili. Jibu ni 0.00803. Hapa linakaribia sana lile la pamoja, lakini makundi yakiwa hayalingani kwa ukubwa hali haiwi hivyo. Zidisha kwa 1.96, toa na ujumlishe: tofauti ni pointi 2.5, mipaka 0.9 hadi 4.0.

Geuza 0.02466 juu chini upate 40.5. Kwa hiyo watoto 41 wakitibiwa kwa artesuneti badala ya kwinini, kifo kimoja kinazuilika. Mipaka yake ni 25 hadi 112, na haifai kufichwa. Namba 41 inasikika kama imepimwa kwa rula, ilhali data zinaruhusu hata iliyo zaidi ya maradufu yake.

Uwiano wa hatari ni 0.08481 / 0.10947 = 0.775, yaani vifo vilipungua kwa asilimia 22.5. Uwiano wa odi, yaani waliofariki kwa waliosalia upande mmoja kulinganisha na upande wa pili, ni (230 × 2,416) / (2,482 × 297) = 0.754, mipaka 0.63 hadi 0.90. Anayeandika kwamba artesuneti "ilipunguza vifo kwa asilimia 25" amesoma odi kama hatari. Kwa tukio la asilimia 10 kosa hilo ni dogo. Kwa tukio linalowapata nusu ya wagonjwa ni upotoshaji kamili.

Mipaka ya ile 22.5 iliyochapishwa ni 8.1 hadi 36.9. Ukiikokotoa kwa njia inayofundishwa zaidi, kupitia logi ya uwiano wa hatari, unapata 8.7 hadi 34.2. Zilizochapishwa zinapatikana hasa ukichukua mipaka ya tofauti, 0.00892 na 0.04041, na kuigawa kwa 0.10947. Ukigawa hivyo unaichukulia hatari ya vifo vya kwinini kama namba inayojulikana bila shaka, wakati nayo ni makadirio kutoka kwa watoto 2,713. Hitimisho haligusiki. Lakini anayerudia hesabu na kukuta ncha ya juu imeachana na iliyochapishwa kwa karibu pointi tatu ajue kwamba huenda njia ndiyo iliyotofautiana, asikimbilie kudhani amekosea kujumlisha.

Vituo 11

Kuwamwaga watoto wote katika jedwali moja kunachukulia kwamba hospitali zote ni moja. Si moja: kuna vituo vinavyopokea watoto waliochelewa zaidi, na vingine vina damu na oksijeni ya uhakika kuliko vingine. Kama kituo chenye vifo vingi kingewapa artesuneti watoto wachache, jedwali la pamoja lingeweza kudanganya hata mwelekeo wa matokeo. Dawa ya hilo ni kulinganisha ndani ya kila kituo, kisha kuunganisha majibu kwa uzito wa kila kimoja, kwa mfano kwa njia ya Mantel na Haenszel. Uwiano wa odi uliochapishwa umetenganishwa kwa vituo, nao ni 0.75. Sisi bila kutenganisha tumepata 0.754. Kulingana huko ni kazi ya mafungu ya 20: kila kituo kilibaki na takriban nusu kwa nusu. Pasipo mafungu, usitegemee jedwali la pamoja likuokoe.

Vipimo vya pembeni

Mbali na vifo, jaribio liliripoti mambo mengine. Degedege: 224 dhidi ya 273, p 0.0199. Kuporomoka kwa kiwango cha fahamu: 166 dhidi ya 208, p 0.0245. Sukari kushuka baada ya matibabu: 48 dhidi ya 75, p 0.0134. Kuingia katika hali ya kupoteza fahamu: 65 kati ya 1,832 dhidi ya 91 kati ya 1,768, p 0.0231. Yote yanaielemea artesuneti kwa wema.

Kwanza, ni mengi. Pamoja na ulemavu wa neva, ambao haukutofautiana vya kutosha kitakwimu, vipimo ni vitano. Ukigawa kizingiti cha 0.05 kwa tano unapata 0.01, na hakuna hata kimoja kinachopita. Hiyo haifanyi matokeo haya kuwa bure, kwa kuwa yote yanakwenda upande mmoja na yanaafikiana na kipimo kikuu kilichotajwa kabla. Yasomwe kama msaada kwa kipimo hicho, yasitangazwe kama uvumbuzi unaosimama peke yake.

Sukari inatoa somo la kando. Mipaka ya kila kundi ni asilimia 1.3 hadi 2.3 kwa artesuneti na 2.1 hadi 3.4 kwa kwinini. Zinapandana. Wengi wakiona hivyo huamua kwamba hakuna tofauti, ilhali p ni 0.013. Mipaka miwili ikiachana kabisa, tofauti ipo. Ikipandana kidogo, haikuambii kitu, na inabidi upime tofauti yenyewe. Hapa ndipo pia bahasha iliyokwisha kufunguliwa inapoleta swali. Kwinini inajulikana kushusha sukari kwa kuchochea insulini, na muuguzi anayejua mtoto yuko kwenye kwinini anaweza kumpima sukari mara nyingi zaidi. Anayepimwa zaidi hupatikana zaidi. Kipimo cha z hakina jicho la kuona hilo.

Sasa angalia asili ya kupoteza fahamu: 1,832 na 1,768, si 2,712 na 2,713. Ni watoto waliofika wakiwa na fahamu, kwa maana aliyekwisha kuipoteza hawezi kuipoteza tena. Kuchuja huku kunaruhusiwa, kwa sababu sifa inayochuja ilikuwepo kabla dawa haijagusa mshipa, kwa hiyo bahati nasibu bado inalinda makundi madogo. Ukikokotoa bila kutenganisha vituo utapata odi 0.68 na p 0.018, mahali palipochapishwa 0.69 na 0.0231. Ukiweka 2,712 na 2,713 chini utapata asilimia 2.4 na 3.4, zinazochanganya hatari ya kupoteza fahamu na idadi ya waliofika nayo.

Ulemavu wa neva ni kesi ngumu zaidi, na uchujaji wake hauruhusiki kwa wepesi huo. Ulemavu huonekana kwa aliyeishi. Lakini kuishi kwenyewe kumeathiriwa na dawa: artesuneti iliwavusha watoto ambao kwa kwinini wangefariki, na hao ndio waliokuwa hoi zaidi na walio karibu zaidi na ulemavu. Ukilinganisha walionusurika kwa walionusurika, dawa inayookoa maisha inaweza kuonekana inaleta walemavu wengi, au faida yake kwa neva ikafunikwa kabisa. Hapo z inaweza kuwa sahihi hadi desimali ya nne na ulinganisho ukawa wa makundi yasiyofanana. Linalofaa ni kuunda tukio la pamoja, kifo au ulemavu mkubwa, na kulihesabu juu ya watoto wote waliopangwa, 2,712 na 2,713, kisha kuripoti pembeni idadi ya ulemavu kwa walioishi bila kuiwekea p.